Ngoma ya Laptopu na Nafasi Moja ya Kazi

Niambie wewe uliyekaa hapo unamenya muhogo: mtu akibisha hodi kwenye mlango mmoja, na ndani mna wapangaji wawili, nani ainuke akafungue? Usijibu bado. Haraka ya kujibu ndiyo inayowapa watu vyeo wasivyoviweza. Menya muhogo wako, sikiliza kwanza.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi, wahitimu walipokuwa wanazaliwa wengi kuliko kazi, paliishi binti mmoja katika vilima vya Taita, juu kidogo ya Wundanyi, jina lake Mkamburi. Mkamburi alikuwa na digrii ya kompyuta. Mama yake aliitia digrii hiyo kwenye fremu, akaitundika sebuleni juu ya televisheni, na kila mgeni akija anaonyeshwa: hii ni ya Mkamburi. Mgeni akiuliza mwenyewe yuko wapi, anaambiwa yuko shambani anapalilia kabichi. Na kabichi zenyewe zilikuwa nzuri, msidhani. Lakini mshawahi kuona kabichi kwenye fremu?

Alikuwa ametuma maombi mpaka vidole vikaota sugu. Huku anaambiwa hana experience, kule anaambiwa yuko overqualified, amesoma kupita kiasi, na wengine wanamwandikia we regret to inform you, tunasikitika kukuarifu, kana kwamba aliyeandika alikuwa analia. Mkamburi akasema majuto ya hao watu yangekuwa mboga, kwao wangekula wakashiba, wakawauzia na majirani. Ulimi wake ndivyo ulivyokuwa. Ungeweza kunyolea ndevu.

Sasa, pale mtaani kulikuwa na kituo cha kompyuta cha vijana, na mkurugenzi wake aliitwa Righa. Righa alikuwa mtu wa tai na mikutano. Kituo chake kilikuwa na nafasi moja ya kazi, ya mtaalamu wa programu. Nafasi hiyo ilikuwa inatangazwa, inafungwa, inatangazwa tena, kama duka la mlevi. Wasee wote waliotarmac, waliotembea juani kutafuta kazi, waliimezea mate. Mkamburi aliimezea mpaka akawa anaota kiti chake, kiti cha kuzunguka, na yeye anazunguka.

Righa alikuwa na baba, Mzee Nyambu. Msidhani ni wale wazee wa kutoa hekima. Huyu hekima alikuwa hana kabisa. Alikuwa na ngoma na majivuno. Akipiga ngoma, hata wanaokwenda kuomba msamaha kwa wakwe walikuwa wanasahau kilichowapeleka, wanacheza. Kisha kiharusi kikamjia. Kikachukua mkono wote wa kushoto, kikachukua nguvu ya mkono wa kulia, kikamwachia vidole vya kulia tu, vinacheza juu ya blanketi kutwa nzima.

Na nyumba ya Mzee Nyambu ilikuwa na desturi yake. Binti wa nyumba ile, siku ya harusi, hatoki mlangoni mpaka baba yake mzazi ampigie ngoma ya kumtoa. Si kaka, si mjomba, si rekodi kwenye simu. Binti wa kwanza, Wakesho, alitolewa hivyo. Sasa yuko Doha, ananyoosha mashuka ya hoteli. Zamu ikawa ya mdogo wake, Mghoi. Bwana yupo, wakwe wameridhika, hata gari lililoazimwa limetafutiwa maua. Mzee akageukia ukutani akasema yeye ngoma hawezi tena, na bila ngoma binti hatoki. Akajifunika.

Righa alisihi, akaleta mchungaji, akaleta shangazi. Mzee hakujifunua. Ndipo mkurugenzi wetu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, akatoa tangazo linaloeleweka: atakayemwezesha baba apige ngoma mwenyewe, ile nafasi ya kituoni ni yake. Hakuna interview, hakuna tutakupigia.

Mkamburi akaliacha jembe wima shambani. Nasikia liko wima hadi leo.

Akaenda na laptopu ya kituo. Akaomba ngoma ya Mzee, akaigonga yeye mwenyewe katikati, akaigonga ukingoni, akaikwaruza, akarekodi kila sauti. Kisha akaandika programu. Mnakijua kile kibao kilicho chini ya kibodi, unakipapasa kwa kidole, kishale kinatembea kwenye skrini? Mkamburi alikigeuza ngoma. Ukikigusa katikati, spika inatoa pigo zito la katikati. Ukigusa ukingoni, linatoka pigo kavu la ukingoni. Akauweka mkono wa Mzee juu ya kibao.

Mzee akagusa kwa kidole kimoja. Ngoma yake ikamjibu.

Akagusa tena. Akatupa blanketi. Vidole vilivyokuwa vinachezea hewa vikapata kazi, na nyumba nzima ikaja mbio ikidhani kuna mgeni. Mzee alipiga mpaka akaanza kujisifu, na hapo wote wakajua amepona roho. Mkamburi akamgeukia Righa, akanyoosha kiganja kama mtu anayengoja ufunguo.

Lakini Mzee Nyambu akasema jambo moja limebaki. Wakesho lazima aone. Haiwezekani binti mmoja atoke na mwingine asione, kwani huyo wa Doha aliokotwa? Apigiwe simu ya video, amwone baba yake akipiga, la sivyo yeye anarudi kwenye blanketi.

Haya. Simu za nyumba nzima zikajaribiwa, na katika zote Wakesho alitokea kama vipande vya vitenge. Laptopu ya kituo ndiyo pekee iliyoweza, kwa waya wa intaneti uliopitishwa dirishani, maana Righa alikijenga kituo ukuta kwa ukuta na jikoni kwa mama yake, asiwe mbali na chakula. Hata hivyo mtandao ulikuwa unakatika mara kwa mara, na ukikatika ni lazima mtu abofye kitufe cha kijani Wakesho arudi. Kubofya kunataka kishale. Kishale kinataka kile kibao. Na kibao kimeshikwa na ngoma.

Msiniulize kwa nini hawakuchomeka kipanya. Matundu ya pembeni yalikuwa mawili: moja limekufa, jingine limeshikwa na spika. Wala msiniulize kuhusu kibodi. Kibodi ilimwagiwa chai kwenye warsha ya utunzaji wa vifaa; programu zenyewe ziliandikwa kwenye kompyuta nyingine za kituo, zikaletwa kwa ule waya.

Sasa elewa tatizo. Ndani ya laptopu kuna bawabu. Wataalamu humwita mfumo endeshi. Kidole kikigusa kibao, bawabu ndiye wa kwanza kupata habari, na yeye ndiye anayezipeleka kwa programu. Mkamburi alikuwa amemwambia bawabu: miguso yote niletee mimi, mwingine asipewe hata mmoja. Alifanya hivyo kusudi. Mtu aliyenyimwa kila mlango, akipata wa kwake, hufunga na komeo. Kwa hiyo ngoma ikipiga, simu ni kiziwi. Na ili simu isikie, lazima ngoma izimwe.

Righa akakirudisha kiganja cha Mkamburi polepole, akasema hiyo ni nusu ya kazi.

Akaja wa pili, Mwachofi, mhitimu wa hisabati, mtu wa mbwembwe, anayevaa miwani isiyo na namba. Huyu Mwachofi alitoka katika ukoo wa walinzi wa mfereji. Babu yake ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga maji yanayoshuka mashambani: sasa maji ni ya fulani, akimaliza yageuzwe kwa fulani. Kwao, mtu anayeiba zamu ya maji husemwa hata kwenye mazishi yake. Alipoambiwa programu mbili zinagombea kibao kimoja, damu ya babu ikachemka. Akasema hiyo ni kesi ya mfereji tu, mbona mnatoka jasho?

Akamwomba Mkamburi afungue komeo. Mkamburi akasita. Alijua akifungua, wengine wataingia, na wakiingia, ile nafasi itakuwa na majina mawili. Alimtazama Mghoi, aliyekuwa amekaa mlangoni na kanga kichwani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Akafungua, huku akimwambia Mwachofi kwamba akiharibu atapaliliwa pamoja na kabichi.

Mwachofi akaandika programu ya kusimama mlangoni pamoja na bawabu na kugawa miguso kwa zamu: kitambo ngoma, kitambo simu, kitambo ngoma, kitambo simu. Mzee akapiga. Pigo la kwanza likalia. La pili likaenda kwenye simu, nayo haikujua la kulifanyia. La tatu likalia nusu. Ngoma ikatoka kama mbuzi mwenye kwikwi anayetembea juu ya mabati. Mzee Nyambu akamuuliza Mwachofi kwa upole kabisa kama baba yake ameshaambiwa alichozaa.

Mkamburi alicheka mpaka akakaa chini. Mwachofi akatoka nje na miwani yake, akaenda kusimama ukingoni mwa kiwanja.

Pale ukingoni akina mama walikuwa wanatafuta sufuria kubwa za harusi. Mmoja wao akaweka mikono mdomoni, akaita ng'ambo ya bonde kwa ile sauti ndefu ya vilimani. Ng'ambo wakaitikia. Chini mtoni wakaitikia. Juu kanisani wakaitikia. Sauti ilikuwa moja na mama alikuwa mmoja, na hakuna aliyesikia nusu kwa sababu mwenzake kasikia.

Mwachofi akarudi mbio, miwani mkononi.

"Mkamburi, mguso si maji," akasema. "Maji nikikupa, kwangu yanapungua. Mguso ni habari. Habari nikikupa, bado ninayo."

"Kwa hiyo babu yako alikudanganya?"

"Babu alikuwa sahihi kwa mfereji. Mimi ndiye niliyechimba mfereji mahali pa mbiu."

Akafuta yote, akaandika upya. Safari hii programu yake ikawa inapokea mguso kwa bawabu, inatoa nakala, inampa kila aliyejiandikisha, mzima mzima, kwa wakati mmoja. Ngoma ikasikia. Simu ikasikia. Mzee akapiga, ikalia safi kama maji ya mtungi. Wakesho akatokea kwenye skrini na sare yake ya hoteli, akamsalimu kwa Kitaita, kwawuka mana, baba, na Mzee akafurahi, akapiga pigo kubwa la kumwitikia.

Wakesho akakatika.

Wakampigia. Mzee akagonga, Wakesho akakatika. Wakampigia tena, akakatika tena, mpaka akauliza kama kuna mtu wamekosana huko nyumbani. Kumbe sasa kila kidole cha Mzee kilikuwa kinapiga ngoma na kusukuma kishale vilevile, na kishale kila kikirukaruka kinaangukia kitufe chekundu. Programu zote mbili zinasikia, na zote zinaitika. Righa akalegeza tai. Asubuhi ya harusi hiyo ilikuwa imeshafika, na maua yameanza kunyauka juu ya gari.

Ndipo akaja wa tatu, Saru, mhitimu wa umeme. Saru alichelewa kila mahali. Hata kuzaliwa, wanasema, alichelewa mpaka mkunga akaenda kupika ugali akarudi. Akaingia na kipande cha muhogo mkononi kama huo wako, akauliza kuna nini. Akaelezwa. Akacheka, akala, akacheka tena.

"Kwetu mama akiita, nyumba nzima inasikia," akasema. "Lakini anayeitika ni aliyeitwa. Hizi programu zenu hazina adabu, zinaitika zote."

Akabandika kipande cha plasta, ile ya vidonda, kwenye ukingo wa kulia wa kibao. Kisha akaandika sheria fupi. Kidole kikianza kugusa kwenye plasta, simu ndiyo imeitwa, ngoma isikie na inyamaze. Kikianza kugusa kwingine kote, ngoma imeitwa, simu isikie na inyamaze. Na kidole kilichoanzia kwenye ngoma, hata kikiteleza kikafika kwenye plasta, bado ni cha ngoma mpaka kiinuliwe. Basi. Alimaliza kazi chai aliyomiminiwa ikiwa bado ina mvuke, akauliza kama pilau imeiva.

Wakamketisha Mzee Nyambu barazani, mto mgongoni, ungo magotini, laptopu juu ya ungo. Wakesho akiwa kwenye skrini, mwili mzima, na wenzake wa hoteli nyuma yake wameshika mashuka. Mghoi nyuma ya mlango uliofungwa. Mkamburi akachuchumaa kando ya ungo, kidole chake kimoja tayari karibu na plasta. Mama yake alikuwa kule kwenye masufuria, na alikuwa ameshawaambia wapishi wote kwamba kuanzia Jumatatu mwanawe ni mtu wa ofisi.

Mzee akaanza.

Alianza polepole, kwa pigo la katikati, kama mtu anayebisha nyumba asiyoijua. Kisha kidole cha pili kikaingia, kikavu, ukingoni. Kisha cha tatu. Na ngoma ya Mzee Nyambu, ile ile, yenye ule mkwaruzo wake, ikatoka kwenye spika ikapanda vilima. Wakwe waliokuwa wamekaa kwa heshima wakaanza kusogeza miguu chini ya meza. Mchungaji akajifanya anafukuza kuku, lakini mabega yake yalikuwa yanasema mengine.

Ngoma ilipochemka, mtandao ukakatika. Wakesho akaganda mdomo wazi.

Mzee hakusimama. Vidole vyake viliendelea, na Mkamburi akanyoosha chake, akakipitisha kwenye plasta, kishale kikatembea taratibu mpaka kwenye kijani, akabofya. Kidole kimoja kinaita Doha, vidole vitatu vinaitoa ngoma, juu ya kibao kimoja kisichozidi kiganja, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Wakesho akarudi katikati ya kigelegele alichokuwa amekianzia kwenye giza. Kigelegele kilifika kimechelewa, baada ya pigo, na yule mzee wa majivuno akadhani anaitikiwa. Akakijibu. Wakesho akajibu. Akina dada wa mashuka wakajibu. Ikawa baba Taita na binti Doha wanapokezana, na mlango ukafunguka, na Mghoi akatoka anacheza, kanga imeanguka, hana habari nayo.

Watu walicheza mpaka kimanga, kile chakula cha kupondwa cha Wataita, kikapoa kwenye sahani. Dereva wa gari la maua alicheza. Righa alicheza na tai yake ikamgeukia mgongoni.

Kisha wakatulia kidogo, wakanywa maji, na kesi ikaanza.

Mkamburi alisimama wa kwanza. Akasema kabla yake palikuwa na mzee chini ya blanketi na laptopu isiyojua ngoma. Yeye ndiye aliyeizaa hiyo ngoma. Hao wengine walikuja kupanga viti katika nyumba aliyoijenga yeye. Tena komeo lilikuwa lake, akalifungua kwa hiari akijua anachokihatarisha. "Nani mwingine hapa aliyetoa kitu? Hawa walileta. Mimi nilileta, kisha nikatoa."

Mwachofi akavaa miwani. Akasema, with all due respect, ngoma ya Mkamburi ilikuwa ngoma ya mchoyo. Ingebaki ilivyokuwa, Wakesho asingeona, na Mzee angerudi kwenye blanketi. Ni yeye aliyegundua kwamba mguso mmoja unaweza kuwatosha wote. Kesho ukileta programu nyingine kumi, mlango wake unazipokea. "Wao wamefanya kazi ya harusi hii. Mimi nimefanya ya harusi zote." Mkamburi akamkumbusha mbuzi wa mabati, watu wakacheka, naye akakubali: ndiyo, alikosea, lakini aliyekosea ni yeye na aliyejirekebisha ni yeye.

Saru akasimama akiwa bado anatafuna. Akasema hao wawili walikuwa na ngoma na mbiu, na bado Wakesho alikuwa anakatwa kama kitunguu. Kusikia hata mawe ya mlimani yanasikia. Kazi ni kunyamaza. Akasema mistari yake ni michache kweli, lakini mlango nao ni mdogo kuliko nyumba, hebu jaribu kuishi bila mlango. Na tangazo halikusema aliyeanza. Lilisema atakayemwezesha Mzee apige, na Mzee hakupiga ngoma ya kumtoa binti mpaka yeye Saru alipofika.

"Kwa kuchelewa," Mkamburi akasema.

"Nilifika, dada. Uliza kituoni ni wangapi wanafika."

Mzee Nyambu naye akadai kwamba vidole ni vyake, basi aajiriwe yeye, na akataka kujua kama kazi hiyo ina chai ya saa nne. Wakamshangilia, akapiga pigo moja la kujipongeza.

Righa akajikuna. Akasema kila mmoja ana haki yake, lakini nafasi ni moja. Mkamburi akamuuliza kama wasingeweza kuigawa kama miguso, nakala kwa kila mtu. Righa akajibu kwamba mshahara, dada, ni maji. Akasema suala hilo litaundiwa kamati.

Mghoi alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya gari. Aliposikia neno kamati, mguu wa pili akaubakiza nje. Akasema kaka yake asimletee za ofisini siku ya harusi yake. Waliomtoa mlangoni wako watatu na wamesimama pale pale. Amtaje mwenye nafasi, la sivyo yeye haondoki, na wakwe walale hapo. Wakwe wakasema kwao si neno, pilau bado ipo. Doha wakasema nao hawakati simu. Mama yake Mkamburi akaacha upawa ndani ya sufuria, akaja akasimama nyuma ya mwanawe.

Gari linanguruma. Mguu mmoja uko ndani, mwingine uko nje.

Sasa wewe, weka huo muhogo chini. Mmoja aliizaa ngoma, kisha akafungua komeo. Mmoja alikosea, kisha akampa kila mtu masikio. Mmoja alikuja mwisho, akawafundisha wenye masikio kunyamaza. Je, nani alistahili?

Na wewe Righa, na wenzako wote mnaoatamia nafasi moja moja kama kuku mwenye yai viza: hatutaki kamati, hatutaki majuto yenu kwa barua. Funga hiyo tai vizuri, simama mbele ya watu hawa watatu, na utaje jina leo, kabla dereva hajazima gari.